Landrova ya marehemu mzee imetoa "macho" baada ya kupuliza rangi. Nimefuta, nimepiga msasa, nimekosea wapi?

Kimara_Mwisho (#1)

Wakuu habari za jioni.

Nina Landrova 109 Series III ya marehemu mzee wangu. Aliichukua kwenye mnada alipokaribia kustaafu, ikatuhamisha kutoka Kilosa na vitanda vyetu na kuku wetu, halafu ikaja kupumzika chini ya mwembe hapa Kimara kwa miaka tisa. Kuhusu gari hili mzee aliniachia usia mmoja tu: "Usiliuze kwa kilo."

Sasa mwaka huu nikasema nalifufua. Injini imewaka, breki zimerudi, ikabaki sura. Na sura ilikuwa mtihani. Juu kuna utomvu wa mwembe uliokauka kama gundi, kuna vinyesi vya kunguru vilivyokula rangi hadi vikaacha alama kama ramani ya visiwa. Chini ndiyo usiseme: chesisi na giaboksi vimevaa koti la grisi na vumbi, unene wa kidole gumba.

Nilichofanya: nikanunua petroli lita tano, nikafuta bodi nzima kwa matambara. Nikapiga msasa namba 240, nikamalizia na 400. Nikafuta tena kwa petroli, nikapuliza praima, ile rangi ya msingi. Praima ikakaa vizuri kabisa. Kesho yake nikaifuta vumbi kwa tambara lenye petroli kidogo, nikapuliza kijani.

Haikupita dakika mbili. Nimesimama na bunduki ya rangi mkononi naona rangi inajivuta yenyewe, inaacha vitundu vya duara saizi ya punje ya dengu, na katikati ya kila kitundu naiona praima inanitazama. Nikadhani rangi ni chache, nikaongeza. Vikawa vikubwa zaidi.

Mwenye uelewa tafadhali. Rangi si bei ya mchicha hii.

---

Mzee_wa_IST (#2)

Mzee alikosea kwenye kipengele cha kilo. Uza chuma, vuta Toyota IST, upumzike.

---

NyanyaChungu (#3)

Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata. Picha mkuu.

---

Fundi_Mstaafu_Keko (#4)

Mwanangu Kimara, kwanza acha kuongeza rangi. Macho hayazibwi kwa rangi, unayalisha tu.

Kabla sijasema neno nijibu haya. Macho yametapakaa gari zima au yana mahali yanapopenda kukaa? Tambara la kufutia lilitoka wapi, na kabla ya kazi hii lilifanya kazi gani? Na msasa ulipiga kabla ya kuosha kwa sabuni, au hukuosha kabisa?

---

Kimara_Mwisho (#5)

Shikamoo mzee.

Macho yamejaa kwenye milango yote minne, hasa pembeni na kuzunguka madirisha. Mlango wa nyuma pia. Madigadi yana machache. Boneti ina vitone vidogo vidogo tu, tena mwanzoni mwa kila mstari wa kupuliza, mbele yake panakuwa safi.

Tambara ni fulana zangu za zamani. Lile la mwisho lilikuwa mezani barazani, siku mbili kabla nilikuwa nalitumia kupaka raba mpya za milango ile dawa ya kupuliza ya silikoni, zisikauke kwa jua.

Sabuni sikuosha mzee. Niliona petroli inatosha.

---

Fundi_Mstaafu_Keko (#6)

Marahaba. Basi umejijibu mwenyewe, mlango umekutaja.

Silikoni ndiyo adui namba moja wa mpiga rangi. Iko kwenye dawa ya raba, kwenye ile ya kung'arisha dashibodi, kwenye ile ya kuzifanya tairi ziwe nyeusi, na kwenye polishi nyingi. Haina rangi wala harufu ya kukushtua. Rangi mbichi ikikutana nayo inakataa kulala hapo, inakimbia pembeni, ndiyo maana unaona duara. Ulichukua tambara lenye silikoni ukalichovya petroli, ukaipaka silikoni milango yote kwa ustadi mkubwa. Kwenye madigadi tambara lilikuwa limeshaanza kuishiwa, ndiyo maana huko kuna nafuu. Boneti nitarudi kwake, huyo ana ugonjwa wake.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, kwa sababu hata bila silikoni ungefika tu. Vijana wengi siku hizi wanadhani msasa ndio unaosafisha. Msasa hausafishi, unakwaruza. Ukipiga msasa juu ya waksi na grisi, punje zinachimba mifereji na ule uchafu unaingia ndani ya mifereji, unakandamizwa humo. Baada ya hapo hata ufute vipi, unafuta juu tu, chini upo. Kwa hiyo gari linaoshwa na kufutwa KABLA ya msasa, halafu linafutwa tena BAADA ya msasa.

Na uchafu si wa namna moja. Kuna unaotoka kwa maji na kuna unaotoka kwa dawa. Chumvi, matope, jasho la mikono, vinyesi vya kunguru: hivyo ni vya maji. Unaweza ukafuta chumvi kwa petroli hadi kesho, isikusikie. Grisi, lami, waksi na utomvu ni vya dawa, maji yanapita juu tu. Wewe ulifanya nusu ya kazi, tena kwa dawa isiyofaa.

Petroli ya gari haikutengenezwa kwa kufutia. Ina sehemu nyepesi zinazopaa haraka ukadhani pamekauka safi, na ina nzito zinazobaki nyuma, pamoja na viongezi vya kusafisha injini. Mafuta ya taa ni mazuri kwa kulainisha grisi nene huko chini, lakini yanaacha utando wa mafuta, dizeli ndiyo zaidi. Thina kali usiimwage juu ya rangi ya zamani bila kujaribu pembeni, inaweza kuilainisha ikasinyaa kama ngozi ya maziwa. Nunua ile dawa maalumu ya kuondoa waksi na grisi, iko kwenye maduka ya rangi za magari Kariakoo na Gerezani. Mwambie muuzaji dawa ya kufutia gari kabla ya rangi, atakuelewa.

Kufuta ni kwa vitambaa viwili. Kimoja kimelowa, kingine kikavu. Lowesha sehemu ndogo, kama nusu mita, na kabla haijakauka fuata na kikavu. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanalowesha mlango mzima, unakauka wenyewe, uchafu ulioyeyuka unatulia palepale ulipokuwa, ila sasa umesambaa vizuri. Geuza kitambaa kila mara. Kikichafuka kitupe, usikionee huruma. Na fanya kivulini, bati likiwa la moto dawa inapaa kabla mkono wa pili haujafika.

---

Karakana_Boy (#7)

Mkuu usijitese na matambara. Hiyo gari ni ya zamani, ivue rangi yote kwa kostiki soda ya moto. Tulikuwa tunafanya hivyo kwenye rimu na vyuma vya mageti, grisi na rangi vinaondoka pamoja kama ngozi ya nyoka. Saa moja umemaliza.

---

Ticha_wa_Maabara (#8)

@Kimara_Mwisho SIMAMA HAPO. Usiguse kostiki soda.

Bodi ya Landrova hizo si chuma, ni aluminiamu. Chesisi ni chuma, ule ukuta kati ya injini na abiria ni chuma, fremu za milango ni chuma, lakini ngozi ya milango, boneti, madigadi na sanduku la nyuma ni aluminiamu. Jaribu kwa sumaku utaona inakataa kushika. Kostiki soda inakula aluminiamu. Utaona mapovu, utadhani dawa inafanya kazi, kumbe ni mlango unayeyuka na unatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kwenye mageti ya chuma ndugu yangu yuko sahihi, hapa ataua gari la watu.

Na kingine: kostiki inageuza mafuta ya nyama na ya kupikia kuwa sabuni, ndivyo sabuni inavyotengenezwa. Oili ya injini inatoka kwenye mafuta ya ardhini, haigeuki kuwa sabuni hata uichemshe. Ngozi yako na macho yako ndivyo vitakavyogeuka kwanza.

Usitumie pia sufi ya chuma ya kusugulia masufuria kwenye aluminiamu. Inaacha nyuzi ndogo za chuma zimechomeka, na kwa unyevu huu wa pwani zitaota kutu chini ya rangi yako. Tumia lile sponji la kijani la kuoshea vyombo.

---

Karakana_Boy (#9)

Dah, hapo kwenye aluminiamu ticha umenipata. Nafuta kauli.

---

MamaRangi_Tabata (#10)

Wanaume mnajadili kemia mnasahau maji.

Mimi nina gereji ndogo Tabata, rangi ndiyo ugali wangu. Nilihangaika sana na gari moja lililotoka malengelenge miezi miwili baada ya kukabidhi. Si macho, ni malengelenge, unabonyeza kinatoka kijimaji. Macho yanatokea hapo hapo rangi ikiwa mbichi. Malengelenge yanakungojea mteja ameshakusifia kwa majirani. Nililirudia kwa pesa yangu, na lilipotoka tena ndipo nikaanza kuchunguza kila kitu hadi nikafika kwenye ndoo.

Maji yetu ya kisima yana chumvi. Wote tunaokaa na visima Dar tunajua, chai yenyewe unaisikia. Nilikuwa nasuuzia maji hayo, yanakauka juu ya bati, yanaacha chumvi isiyoonekana, napuliza juu yake. Chumvi ikikaa chini ya rangi inavuta unyevu taratibu kupitia kwenye rangi. Siku hizi ya kuoshea nachukua kisima, ya KUSUUZA mwisho nachukua ya bomba ya DAWASA au ya mvua niliyokinga, halafu nakausha kwa kitambaa, siachi matone yakaukie juu.

Pili, sabuni. Msioshee sabuni ya mche kwa maji ya kisima. Mnaujua ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni la kufulia? Ule ni mafuta ya sabuni yameungana na madini ya maji, na ni grisi kamili. Unaondoa grisi unapaka grisi. Tumia sabuni ya unga au ile ya maji ya vyombo ya kawaida, isiyo na manjonjo ya kulainisha mikono, na suuza mpaka uchoke.

Tatu, vitambaa. Pamba tupu, nyeupe. Shuka la zamani lililofuliwa mara mia ndilo dhahabu. Msitumie nguo zilizofuliwa kwa ile dawa ya kulainisha na kunukiza, inaacha utando. Khanga ni laini, ni nzuri, lakini kijana wangu aliwahi kutumia khanga nyekundu na dawa ya kufutia, gari jeupe likatoka limepata haya.

---

NyanyaChungu (#11)

"Limepata haya" 😂😂 Mama Rangi wewe!

---

Pwani_Mchangani (#12)

Kuhusu petroli mmegusa rangi, hamjagusa moto.

Jirani yetu alikuwa anaosha injini kwa petroli kwenye beseni uani. Jiko la mkaa la maharage lilikuwa hatua nane au tisa, upande wa pili. Hakuna aliyevuta sigara, hakuna cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji mpaka ukutane na moto, halafu moto unarudi kwa njia ile ile. Alipona, ila mikono haikurudi ilivyokuwa. Mafuta ya taa angalau hayatoi mvuke wa kuwaka kirahisi hivyo kwenye joto la kawaida, ingawa nayo si maji.

Na mnaochovya mikono humo bila glavu: petroli ina benzini, na benzini inaleta saratani ya damu. Inapita kwenye ngozi na kwenye pumzi.

---

Kimara_Mwisho (#13)

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Petroli iliyobaki nimeimimina kwenye pikipiki ya shemeji.

Swali: huko chini kwenye koti la grisi naanzaje? Na kuna sehemu mbili za chesisi zimeoza, lazima kuchomelea.

---

Fundi_Mstaafu_Keko (#14)

Huko chini usianze na dawa yoyote. Anza na kipande cha mbao ulichokichonga mfano wa patasi, kwangua kavu. Grisi nene ukiimwagia mafuta ya taa kabla ya kukwangua unapata uji, na uji unasambaa kila mahali. Tandaza turubai chini na pumba za mbao juu yake zinywe oili. Yaliyobaki ndiyo upake mafuta ya taa kwa brashi, subiri robo saa, sugua, halafu sabuni na maji. Kisha dawa ya kufutia kama ni mahali utakapopaka rangi.

Ukienda kwa wenye mashine ya presha, waambie wasielekeze bomba kwenye altaneta, distributa na kabureta. Vifunike. Zamani tulifunika kwa mifuko ya nailoni, lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko ile ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo tafuta turubai jepesi au gunia la plastiki la mbolea lililosafishwa. Na hao vijana wa presha wana dawa ya tairi mfukoni muda wote. Mwambie waziwazi: usinipake kitu chochote.

Kuchomelea: safisha kwanza, lakini usisafishie dawa ya kupuliza ya breki. Baadhi zina klorini, na ikikutana na moto wa kuchomelea inatoa gesi ya sumu kali inayoitwa fosjini, iliyotumika vitani. Sabuni, maji na brashi ya waya vinakutosha hapo, pakauke kabisa.

Mwisho, hiyo rangi ya zamani. Rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na risasi. Piga msasa wa maji, usiupige mkavu, vaa barakoa, na watoto wasicheze kwenye vumbi hilo.

---

Dereva_wa_Zamani (#15)

Landrova ikiacha kuvuja oili usifurahi, kaangalie kama bado ina oili. Nimewaza tu kwa sauti.

---

Kimara_Mwisho (#16)

MREJESHO WA KWANZA.

Jumamosi na Jumapili nzima nimekuwa mgongoni chini ya gari na kipande cha mbao cha mninga. Uchafu wa juu ulikuwa mkavu, unakatika vipande kama udongo wa kichuguu. Ukiingia ndani kidogo unakuwa mweusi laini kama nta, na ndani zaidi, karibu na chuma, ulikuwa bado ni grisi mbichi inayong'aa. Nimetoa karai tatu zilizojaa. Kwenye moja nilikuta mbegu ya embe imekaa ndani ya grisi nzima nzima, na skrubu ndefu ambayo mzee aliitafuta siku nzima mwaka ambao nilikuwa darasa la tano. Alituhoji watoto wote. Nilichapwa kwa sababu ya skrubu ile.

Jambo la kushangaza: chini ya grisi hakuna kutu hata chembe. Kuna mahali karibu na giaboksi rangi ya kiwandani bado ipo, imetulia. Chesisi imeoza pale nyuma tu, ambapo hapakuwahi kuwa na grisi, panarushiwa matope na tairi. Yaani kuvuja kwake ndiko kulikolitunza.

Bodi nimevua raba zote nikazifungia kwenye boksi mbali. Ile rangi ya kijani yenye macho nimeiacha ikakauka, nikafuta kwa dawa kabla ya kugusa msasa, nikaosha kwa sabuni ya unga, nikasuuza kwa maji ya DAWASA. Shuka jeupe nimepewa na mama, baada ya mahojiano.

Kuna yeyote anajua namna ya kupima kama kweli pamesafika? Naogopa kurudia.

---

Fundi_Mstaafu_Keko (#17)

Mwagia maji safi. Umewahi kuona maji kwenye jani la magimbi? Yanajikunja matone, yanateleza. Bati lenye mafuta liko hivyo. Bati safi maji yanalala yote pamoja kama shuka, yanashuka polepole bila kukatika. Ukiona mahali maji yanakimbia na kuacha kisiwa kikavu, hapo rudia. Pima kabla ya msasa na baada yake. Na ukishapima usipapase kwa kiganja kusikia ulaini. Kiganja kina mafuta na jasho, nimeona gari limepulizwa na mkono wa fundi ukabaki mlangoni vidole vyote vitano.

Sasa boneti. Ulisema vitone vidogo mwanzoni mwa kila mstari. Hiyo ni kompresa yako. Kompresa ya pistoni ina oili yake ndani, na ikichoka inaitema kidogo kidogo kwenye hewa. Kwa unyevu wetu wa Dar tangi nalo linajaa maji. Unapobonyeza bunduki mara ya kwanza kinatoka kile kilichojikusanya kwenye bomba, ndiyo maana mbele panakuwa safi. Fungua koki ya chini ya tangi uone. Halafu puliza hewa tupu kwenye kioo au karatasi nyeupe kwa dakika moja.

---

Kimara_Mwisho (#18)

Mzee, nimefungua koki. Yametoka maji ya kahawia kama chai ya rangi, kikombe kizima na kidogo juu. Karatasi imepata madoa ya mafuta, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona inapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi.

---

MamaRangi_Tabata (#19)

Karatasi ya maandazi 😂 Funga kichujio cha maji na oili karibu na bunduki, badilisha na bomba, lile la zamani limeshanyonya. Kompresa yenyewe ikaangaliwe ringi. Mwaga maji kila asubuhi kabla ya kazi.

Na usishawishike na ile dawa ya matone ya kuzuia macho inayochanganywa kwenye rangi. Nyingi ni silikoni hiyo hiyo. Inafanya rangi ikubali kulala juu ya uchafu, lakini inaingia kwenye bunduki yako, na gari linalofuata litahitaji matone, na linalofuata pia.

Kwenye aluminiamu iliyobaki wazi usipige praima ya kawaida, itabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Omba ile praima inayong'ata aluminiamu au ya epoksi. Ipulize mapema baada ya msasa, aluminiamu haichelewi kujijengea utando wake hewani.

---

Ticha_wa_Maabara (#20)

Na subiri masika yaishe, tafadhali. Sioni sababu ya kupuliza Aprili. Juni hadi Agosti hewa ina nafuu. Anza kama saa nne asubuhi, umande umeshakauka.

---

Mzee_wa_IST (#21)

Hadi Agosti IST yangu itakuwa imeenda Dodoma na kurudi mara kumi.

---

Kimara_Mwisho (#22)

MREJESHO WA PILI, JULAI.

Wakuu, limekubali.

Nilisubiri kweli. Jumamosi iliyopita nilimwagia maji uani, hadi majirani wakadhani naosha tu. Boneti maji yalilala. Mlango wa dereva yakakatika chini ya kitasa, kisiwa saizi ya kiganja. Nikafuta kwa dawa, nikamwagia, yakakatika tena. Mara ya tatu nikagundua mafuta yanatoka ndani ya kitasa chenyewe, yanachuruzika kupitia kitundu cha skrubu kila ninapofunga mlango. Nikafungua kitasa, ndani kuna grisi ya mzee, ameijaza kama anaweka mafuta kwenye chungu. Nimekitoa chote, nimekisafisha pembeni, nikapulizia hewa kavu kwenye kila mshono. Kila penye mshono na ribiti panaficha kitu, hilo sikulijua. Mara ya nne maji yakalala.

Nikafuta mara ya mwisho, nikapuliza praima ya kung'ata, kesho yake kijani. Nilisimama pale dakika kumi bila kupepesa. Hakuna jicho hata moja. Kuna inzi mmoja ametua kwenye digadi la kushoto akabaki humo, huyo nimemsamehe.

Raba bado ziko kwenye boksi, zitarudi wiki ijayo rangi ikishakauka.

Shikamoo yako mzee wa Keko, na Mama Rangi, na ticha. Nikipita Tabata naleta soda.

---

Fundi_Mstaafu_Keko (#23)

Marahaba. Raba zioshe kwa sabuni kabla ya kuzirudisha, na hiyo dawa ya silikoni itoe barazani kabisa. Utakuja kugusa rangi tena siku moja, utakuwa umeshasahau.

---

NyanyaChungu (#24)

Kahawa imeisha, kashata zimeisha, picha bado hatujaona.

---

Kimara_Mwisho (#25)

Picha kesho mchana, leo simu ya wife ndiyo yenye kamera na haitaki kuguswa na mikono yangu.

Kuna jambo limebaki. Nina ndoo mbili za mafuta ya taa machafu yenye grisi nyuma ya choo. Mtaroni sitaki kumwaga, mtaro wetu unashuka hadi mto Msimbazi. Mnayafanyaje?

---

Pwani_Mchangani (#26)

Yaache yatulie wiki moja, uchafu utashuka chini. Ya juu yamimine taratibu kwenye dumu, yatakufaa tena kuoshea vyuma. Ule uzito wa chini tuliokuwa nao sisi tulipaka nguzo za banda, mchwa hawagusi. Lakini si nguzo zilizo karibu na kisima.

---

Mzee_wa_IST (#27)

Mkuu Kimara, uzito wa chini nautaka mimi. Nina nguzo sita za banda la kuku huku Mbagala na mchwa wameshafika kiunoni. Shida ni usafiri, IST haibebi ndoo ya grisi. Unaweza kuniletea na Landrova?

---

Kimara_Mwisho (#28)

Jumapili saa tano. Andaa chai.